Herufi M na Nukta Yake

Bujumbura, 9 Februari 1970

Mheshimiwa Profesa Namegabe,

Kabla hujasoma mstari wa pili nakuomba jambo moja: barua hii isitoke mikononi mwako. Usiisome mbele ya mtu, usimtajie Bwana Direkta ukimwandikia, na kama una desturi ya kuacha barua mezani, hii usiiache. Karani wa shule yetu haruhusiwi kumwandikia profesa. Swali linatakiwa lipite kwa Mwalimu Pierre, kutoka kwake liende kwa Direkta, na kutoka kwa Direkta lije kwako Bukavu. Nimeshapitisha mawili kwa njia hiyo tangu Novemba. Hakuna lililorudi.

Hatujuani. Niliajiriwa Oktoba hapa kwenye Shule ya Ualimu, Musaga, na kazi yangu ni kuchapa kwenye stensili ile kozi yako ya Historia ya Saikolojia unayotutumia kwa posta. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu nimesikia unakisoma vizuri, na kwa sababu mimi nilisoma Tabora kwa Kiingereza. Kifaransa nimekijifunza baadaye na sitaki kukosea mbele yako.

Shida ni hii. Direkta ametoa amri kwamba neno Monsieur, yaani Bwana, lisifupishwe kwenye stensili. Anasema heshima ya mtu haikatwi. Kila nikikuta M na nukta, niandike Monsieur kwa urefu. Sasa kwenye mwandiko wako nimefika kwa "M. Calkins", mtafiti wa kumbukumbu. Kisha kuna "M. Washburn", wa akili za wanyama. Kisha "K. et M. Clark", wale wa wanasesere. Wengine wengi umewaandika kwa jina la ukoo tu. Kama M. ni Monsieur, kwa nini hawa ndio wapewe heshima na wengine wanyimwe? Na kama Clark mmoja ni Monsieur, yule K. ni nani? Kwa Kiingereza nilichofundishwa, M. peke yake si bwana. Ni mwanzo wa jina.

Tena kuna hao watoto. Umeandika kwamba walionyeshwa wanasesere, wakapenda mmoja na kumkataa mwingine. Maelezo yanaishia hapo. Walikuwa watoto gani? Wanasesere walitofautiana nini? Nimelisoma jaribio hilo mara nyingi na sioni linafundisha nini.

Samahani kwa kukusumbua. Kosa likishaingia kwenye stensili linatoka kwenye nakala zote, na nakala zote zina alama yangu chini ya ukurasa.

Wako mtiifu,
A. Shaabani, karani


Bukavu, 26 Februari 1970

Bwana Shaabani, mon cher,

Hatimaye nimepata mutu anayesoma anachochapa! Miaka miwili nilikuwa nawaambia wale wa shuleni: mniwekee mwanaume kwenye ile mashine. Daktilo wa zamani, binti fulani, mchapaji gani yule, alikuwa anakula accents zangu, zile alama juu ya herufi, kama karanga. Naona sasa wamenisikia. Tutaelewana vizuri, mwanaume kwa mwanaume.

M. ni jina, una haki. Calkins ni Mary. Washburn ni Margaret. Clark ni Mamie, na K. ni Kenneth, mume wake. Wote watatu wenye M. ni wanawake. Huyo Calkins alimaliza kazi yote ya udaktari, waalimu wake wakamtahini, wakasema amepita, chuo kikamnyima shahada kwa sababu ni mwanamke. Baadaye akawa rais wa chama cha wanasaikolojia wa Amerika nzima. Hao Clark ni weusi, mutu na mke wake, na watoto waliowauliza walikuwa weusi. Wanasesere walikuwa sawa kwa kila kitu isipokuwa rangi. Watoto wengi walisema yule mweupe ndiye mzuri. Halafu wakaulizwa: "Yupi anafanana na wewe?" Wengine walilia, wengine walitoka chumbani mbio. Ushahidi huo ulipelekwa mpaka mahakama kuu ya kule.

Kwa nini sikuyaandika? Kwa sababu kozi ni kurasa sitini na karatasi ni chache. Sayansi haina sketi wala suruali. Nilifupisha. Ukiona nafasi inatosha, andika kwa urefu, haina neno. Apana kuniuliza tena kwa jambo dogo kama hilo.

Jambo kubwa ni marge, ule ukingo mweupe wa kushoto. Ni nyembamba mno. Wakishona kurasa, sentensi zangu zinaingia ndani ya uzi. Tafadhali.

C. Namegabe


Bujumbura, 12 Machi 1970

Mheshimiwa Profesa,

Nakushukuru sana. Marge nimeipanua. Nimeandika "Mademoiselle Mary Calkins", "Mademoiselle Margaret Washburn", "Madame Mamie Clark na mume wake Kenneth". Habari za watoto nimeziongeza kwa mistari mitatu, kwa maneno yako, bila kutia langu. Nakala zimegawanywa Jumatatu.

Lakini haikusaidia kitu, na ndiyo maana nakuandikia tena, kwa siri ileile. Mwalimu Pierre hasomi stensili. Ana daftari alilopewa na Direkta, ambaye ndiye aliyefundisha kozi hii miaka miwili ya kwanza, na Pierre huwasomea wanafunzi kutoka hapo wakiandika. Ofisi yangu na darasa lake vimetenganishwa na ukuta wa mbao. Jana nilisikia yote.

"Andikeni," anasema, "Monsieur Calkins, mutu wa heshima kubwa."

Kuna mwanafunzi anaitwa Dorothée Mugisho, wa mwaka wa mwisho. Akasema, "Mwalimu, kwenye karatasi wameandika Mademoiselle."

"Ni kosa la mashine."

Mvulana mmoja akapayuka, "Mashine imemvalisha Monsieur Calkins sketi!" Darasa likacheka mpaka Pierre akagonga meza. Dorothée hakunyamaza. "Na huyu Clark je? Hapa wanasema ni mke wa mutu."

"Les frères Clark," Pierre akasema. "Ni ndugu wawili. We unabishana na mwalimu au na karatasi?"

Halafu akaeleza wanasesere. Unajua alivyowaeleza? Alisema jaribio linaonyesha kwamba watoto wanapenda kitu safi. Kwa hiyo mwalimu mzuri ahakikishe vifaa vya darasa vinaoshwa. Wanafunzi wote waliandika: vioshwe.

Profesa, mstari mmoja tu kutoka kwako kwa Pierre ungetosha. Sitaki ujue nilivyokaa na ule ukuta saa nzima nikiwa nimeshika mdomo. Mimi siwezi kumwambia kitu. Nikimwambia ataniuliza nimejuaje, na nikisema nimejuaje nitakuwa nimekuandikia.

A. Shaabani


Bukavu, 7 Aprili 1970

Mon cher Shaabani,

Marge sasa ni nzuri. Lakini ukurasa wa ishirini umeniwekea virgule, mkato mtupu, mahali pa point-virgule, mkato wenye nukta juu, na maana imevunjika mguu.

Habari ya Pierre: muache. Mutu akishaanza kusahihishwa kwa barua mbele ya wanafunzi hatashika darasa tena. Na Direkta ndiye anayepitisha kozi yangu kila mwaka. Mi siwezi kumwandikia kwamba miaka miwili alikuwa anamvalisha Calkins suruali. Mwanafunzi mwenye akili atasoma stensili. Asiye na akili, Monsieur au Madame ni sawasawa kwake. Wewe ni kijana, unawaka haraka. Na hao mabinti wa darasani, ukiwasikiliza sana, utaanza kuwachapia barua zao za mapenzi.

Kazi njema. Usisahau point-virgule.

C. Namegabe


Bujumbura, 28 Juni 1970

Mheshimiwa Profesa,

Sitazungumza point-virgule leo.

Mtihani umefanyika. Swali la nne lilikuwa: taja watafiti watatu wa kozi hii na ueleze jaribio la mmoja wao. Mwalimu Pierre amesahihisha kwa daftari lake. Dorothée Mugisho aliandika Mademoiselle Calkins, Mademoiselle Washburn, na Madame Clark, "mwanamke mweusi kama sisi", kisha akaeleza wanasesere kama ulivyonieleza wewe. Amepewa sifuri. Pembeni Pierre ameandika kwa wino mwekundu: Fantaisie, yaani njozi tupu. Kwa sifuri hiyo ameanguka somo, na kwa somo hilo ameanguka mwaka.

Wenzake walioandika Monsieur wamepita. Walioandika kwamba vifaa vioshwe wamepita vizuri.

Nikueleze anapoteza nini. Dorothée ni mtoto wa mama wa Kivira, wa Uvira kwenu, aliyevuka mpaka na watoto wake wakati wa vita vyenu vya mwaka wa sitini na nne. Anauza samaki sokoni. Kuna nafasi ya ualimu inamsubiri kwenye shule ya Gihosha, lakini ni kwa mwenye diploma, na ni kwa Septemba hii. Kurudia mwaka hawezi, maana msaada wa wakimbizi unalipa mara moja. Juri ya mtihani inakutana tarehe kumi na tano Julai kutia saini. Baada ya hapo, basi.

Alikwenda kwa Direkta na stensili mkononi. Niliitwa mimi pia. Direkta hakuuliza kama ni kweli. Aliweka kidole juu ya mistari yangu mitatu, pale panaposema watoto weusi walisema mweusi ni mbaya, na akaniuliza polepole:

"Hizi habari za watu wa aina moja kujiona wabaya kuliko wa aina nyingine, katika shule yangu, nani amekutuma?"

Nikasema ni Amerika, Bwana Direkta.

"Leo ni Amerika," akasema. "Nimekuuliza nani amekutuma."

Wewe uliishi mambo ya kwenu na unajua ya kwetu, haya ya makabila. Mswahili wa mtaa wa Buyenzi kama mimi akiulizwa nani amekutuma, mwaka huu, hilo si swali la shule, ni la polisi. Nilijibu kwamba nilichapa nilichopewa. Aliniambia nilete mwandiko wako. Nikaleta. Kwenye mwandiko wako kuna M. na nukta, na wanasesere bila rangi. Akanitazama. "Basi hukuchapa ulichopewa."

Dorothée akiwa palepale akasema, "Bwana Direkta, kama watoto si weusi jaribio halina maana. Mi nimejifunza miaka mitatu niwe mwalimu. Siwezi kuandika kitu ambacho hakina maana." Alitolewa nje. Alipopita kwangu alininong'oneza, "We unajua ni kweli. Nani mwingine anajua?"

Wewe, Profesa. Andika barua kwa juri. Andika tu ulichoniandikia mimi Februari.

A. Shaabani


TELEGRAMU
BUKAVU 6 JULAI 1970
DIREKTA SHULE YA UALIMU BUJUMBURA
NATHIBITISHA M CALKINS M WASHBURN K NA M CLARK KAMA STENSILI YA M A SHAABANI
NAMEGABE


Bujumbura, 8 Julai 1970

Profesa,

Umefupisha tena.

Telegramu yako ilifika asubuhi. Direkta alitoka nayo mpaka barazani akiinyanyua, akaisoma kwa sauti mbele yangu, mbele ya Pierre, na mbele ya Dorothée aliyekuwa amekaa ngazini tangu mlango ulipofunguliwa. "Monsieur Calkins. Monsieur Washburn. K. na Monsieur Clark. Mmesikia? Profesa mwenyewe, kutoka Bukavu, amelipia maneno." Pierre akasema, "Mi nilisema toka mwanzo." Dorothée hakulia. Alicheka, kicheko kibaya, akaondoka akielekea barabara ya mjini kwa miguu.

Hapo nikafanya kitu ambacho sikukusudia kukifanya katika maisha yangu. Nilitoa barua yako ya Februari, ambayo nilikuwa naitembeza ndani ya mkoba, nikaiweka mezani kwa Direkta. Niliisukuma mpaka ikagonga kikombe chake. Nikasema: Profesa ameandika hapa kwamba M. ni Mary.

Hakuifungua. Alisoma bahasha.

"Monsieur A. Shaabani," akasema. "Huyu si Atumani? Fundi wa gari yangu?"

Nikasema Atumani ni baba.

"Sasa tangu lini baba yako anaandikiana na Profesa habari za Psychologie? Na wewe unafungua barua za baba yako unazileta ofisini?" Akaifungua, akasoma mstari wa kwanza. "Bwana Shaabani. Mwanaume kwa mwanaume. Apana, binti, hii si yako. Rudisha kwa mwenyewe, na umwambie gari bado inatoa moshi."

Umeelewa sasa, Profesa, au niandike kwa telegramu? A. ni Asiya. Mimi ni mwanamke, nina umri wa miaka ishirini na mbili, na kwetu wote tumeandikishwa kwa jina la babu, Shaabani. Barua yako ya kwanza ilifurahi mno kwamba mashine imepata mwanaume. Niliisoma, nikaogopa kwamba nikikwambia hutajibu tena, na kozi ilikuwa bado imebaki nusu. Nikanyamaza. Nilidhani ni jambo dogo. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba ni dogo: sketi, suruali, haina neno. Sasa ushahidi pekee uliokuwepo katika Bujumbura nzima umekataliwa kwa sababu uliandikiwa mwanaume ambaye hayupo.

Ulisema mwanafunzi mwenye akili atasoma stensili. Alisoma. Ndiye huyu aliyeanguka.

Nimechoka kukuomba kwa adabu, nisamehe. Ziko siku saba, na barua hii nimempa abiria wa Bukavu ili isichelewe posta. Andika karatasi kwa juri, kwa mkono wako. Majina yote yawe kamili. Sema ni wanawake. Sema ni weusi, hao walio weusi. Sema watoto walikuwa watoto gani. Na ukifika kwangu, andika jina langu lote. Usitume telegramu.

Asiya Shaabani


Bukavu, 11 Julai 1970

Binti Asiya Shaabani,

Nimeanza barua hii mara tatu. Mara mbili nilianza kwa hasira na nikazichana.

Kwanza nilikuwa na hasira kwamba ulinidanganya. Halafu nilitafuta mahali uliponidanganya, sikupaona. Kila mahali uliandika A. Ni mimi niliyesoma kitu kisichoandikwa. Kisha nikakasirika kwa telegramu, maana nilikuwa nimeipenda: maneno machache, kila kitu ndani. Nilitoka posta nikijiona mutu mwema.

Uliniomba siri na siri imevunjika. Mke wangu aliisoma barua yako akiwa nyuma ya kiti changu, akacheka mpaka akaketi chini. Akaniuliza, "Na mi huko kwenye karatasi zako za serikali umeniandika je?" Nikamwambia: Mme. Namegabe, ufupi wa Madame, kama kila mutu. Akasema, "Ah. Na Ernestine alikwenda wapi?" Tangu jana kila nikimwita ananijibu, "Nani? Mme hayupo, ametoka na nukta yake." Nyumba hii haikaliki.

Lakini usifikiri nimekubali yote. Sikumdanganya mutu. Nilifupisha. Kila mutu anafupisha. Hata pale Amerika wenyewe huandika herufi tu. Nilipopata habari zao mara ya kwanza mimi pia nilifikiri ni wanaume, na nilipojua si wanaume niliona ni kitu cha kuchekesha, cha kumwambia rafiki. Sikuona kuwa ni kitu cha kufundisha. Na ile rangi ya watoto niliitoa makusudi, nikuambie. Nilimwogopa huyohuyo Direkta unayemwogopa wewe. Mi niko ng'ambo ya mpaka na shahada mbili, nikaogopa. Wewe uko mbele yake, ukaichapa.

Karatasi ya juri iko ndani ya bahasha. Posta ingechelewa, kwa hiyo nimempa Musafiri, dereva wa lori la Uvira, na nimemwambia amtafute Asiya, mwanamke, kwa sura na kwa jina. Nimeandika hivi:

"Mimi, Callixte Namegabe, mwandishi wa kozi ya Historia ya Saikolojia, nathibitisha kwamba Mary Calkins ni mwanamke, Margaret Washburn ni mwanamke, Mamie Clark ni mwanamke mweusi, na Kenneth Clark, mweusi, ni mume wake, si ndugu yake. Watoto wa jaribio la wanasesere walikuwa weusi. Maelezo haya niliyatoa mwenyewe, kwa barua ya 26 Februari 1970, kwa Mademoiselle Asiya Shaabani, karani, ambaye kwa kosa langu nilimwandikia kama Monsieur. Jibu la mwanafunzi Dorothée Mugisho ni sahihi. Kama kozi hii ingekuwa na jibu moja sahihi tu mwaka huu, ni hilo."

Mstari wa mwisho Ernestine alisema niufute, utamchoma Direkta. Nimeuacha.

Callixte Namegabe


Bujumbura, 3 Agosti 1970

Profesa Callixte Namegabe,

Musafiri alifika tarehe kumi na nne jioni. Alikuwa ameshauliza Asiya katika mitaa mitatu, na Buyenzi ina akina Asiya wengi. Mmoja alikuwa bibi wa miaka themanini aliyetaka kuichukua bahasha kwa nguvu, akisema maisha yake yote hajawahi kupata barua.

Dorothée amepita.

Sikuwemo chumbani. Nilikuwa nyuma ya ukuta wangu wa mbao. Karatasi yako ilisomwa na mkaguzi aliyetoka mjini, mzee mmoja anayeishi Kibenga, ambaye sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya maneno mawili. Alipomaliza akauliza, "Pierre, vifaa vinaoshwa kwa sababu gani?" Nikasikia Pierre akifunua kurasa za daftari lake. Kisha Direkta akasema ni jambo la uchapaji tu, na kwamba shule haina shida na wanawake wala na rangi yoyote, na wakatia saini. Walioandika Monsieur nao wameachiwa alama zao, maana ndivyo walivyofundishwa. Mwaka huu, kwa hiyo, katika shule yetu, Calkins ni mwanamke kwa mwanafunzi mmoja na mwanaume kwa waliobaki, na wote wamefaulu.

Dorothée ataanza Gihosha Septemba. Mama yake alileta kwetu samaki aina ya mukeke, wengi mno, hata baba akauliza nani anaolewa.

Mimi mkataba wangu haukuendelea. Barua ya kuniachisha inasema "ukosefu wa nidhamu ya uandishi". Sikushangaa, ingawa nililia njia nzima kutoka Musaga. Sikulia kwa sababu ya kazi peke yake. Nilipokwenda kuchukua mkoba na kikombe changu nilikuta karani mpya, Sulemani, kijana mpole, ameshaanza kuchapa upya kurasa zako. Direkta ametoa amri nyingine: ili kubana matumizi ya stensili, majina yote yafupishwe. Ile heshima isiyokatwa sasa inakatwa. Nilichungulia begani kwake. M. Calkins.

Nikamuuliza, "Sulemani, hiyo M. ni nini?"

"Si Monsieur, dada?"

Sikuwa na nguvu. Nilisema, "Muulize Mwalimu Pierre." Nikafika mlangoni. Nikarudi, nikamwandikia kwa penseli pembeni: Mary. Sijui kama ataiacha.

Sasa sikiliza. Dorothée na wenzake watatu wanataka kozi yote, iliyo kamili, wawe nayo wenyewe. Baba amenikopesha pembe ya gereji na mashine kuukuu ambayo herufi R yake inaruka, nitaichapa. Lakini nimehesabu, bado kuna majina kumi na moja yenye herufi moja na nukta. Ukurasa wa arobaini na nne kuna "F. Sumner". Pierre anamsoma Frère Sumner, kama vile ni mtawa. Ni nani? Mwanamke au mwanaume, mweupe au mweusi? Na huyo "L." wa ukurasa wa hamsini? Wote niandikie, na usiniambie haina neno. Msalimie Mama Ernestine, kwa jina lake.

Usitume kwenye sanduku la posta la shule. Huko sipo tena na Sulemani anaogopa kama nilivyokuwa naogopa. Bahasha iandike hivi: Mademoiselle Asiya Shaabani, kwa Mama Zubeda muuza vitenge, nyuma ya gereji ya Atumani Shaabani, Buyenzi, Bujumbura. Ukiandika A. Shaabani itapelekwa kwa baba. Ataifungua kwa bisibisi, ataona haihusu vipuri, ataiweka chini ya betri. Ukiandika M. A. Shaabani kama zamani, posta itaipeleka shuleni. Kama nafasi haitoshi kwenye bahasha, ondoa vitenge, ondoa gereji, ondoa hata Buyenzi, watu wa posta watatafuta. Jina liache lote.

Asiya Shaabani